Grini zimetoka chini ya barafu zikiwa kahawia, nianzie wapi jamani?

Mnyalu_GR (Grand Rapids, Michigan)

Wakuu habari za majukumu. Nipo Michigan upande wa magharibi, nafanya kazi kwenye kiwanja cha gofu cha mashimo 18, na toka mwishoni mwa mwezi wa pili suprintendenti wetu (mkuu wa kutunza nyasi) aliondoka akaenda kwingine, mimi ndio nimebaki nashika usukani mpaka wapate mtu. Nyumbani nilishafanya kazi ya kiwanja Arusha, nyasi nazijua, lakini kule hakuna theluji ya kukaa mpaka usahau rangi ya ardhi kwa hiyo kwenye hili naomba waliozoea wanisaidie.

Winta ya safari hii imekuwa kali kweli. Theluji ilianza mapema Desemba, katikati ya Januari ikaja mvua juu ya theluji ileile, usiku wake baridi ikashuka ghafla kila kitu kikaganda. Grini kadhaa (zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo na bendera) zikabaki na bamba la barafu, sio theluji, barafu ngumu unene wa kama vidole viwili, na ilikaa mpaka katikati ya Machi. Mbaya kuliko zote ni grini ya shimo namba 7, ina misonobari mirefu upande wa kusini-mashariki kwa hiyo jua haliioni mpaka karibu saa sita mchana. Tulipovunja barafu pale ikatoka harufu ya kama shimo la choo, vijana wakarudi nyuma.

Sasa theluji imeisha karibu yote. Nyasi za grini ni mchanganyiko wa bentigrasi (nyasi ya kupandwa) na Poa annua (ile inayojiotea yenyewe), kwenye grini za zamani Poa ndio nyingi. Hali ninavyoiona: namba 7 yote rangi ya majani makavu, ila kuna viraka vya kijani vimetawanyika. Namba 3 na 12 zimekufa (au zimelala, sijui) pale kwenye bonde tu ambapo maji hutuama. Namba 15 ipo juu kilimani, imekauka kwenye vichuguu vyake vilivyo wazi kwa upepo. Halafu kwenye feawei (njia ndefu ya nyasi ya kuelekea grini) kuna miduara myeupe-kijivu, mingine upana wa sahani mingine imeungana imekuwa kama ramani, nyasi zimelala zimegandamana.

Kamati inataka tufungue katikati ya Aprili na wanachama wanapiga simu kila siku. Maswali yangu: nitajuaje kama zimekufa au zimelala? Mbegu nimwage sasa hivi? Mbolea je, maana kuna mtu kaniambia nipige naitrojeni ya kutosha zitaamka. Na hii miduara ya feawei ni ugonjwa wa kupiga dawa au niache? Nitashukuru sana.

Wa_Machakos (Minnesota)

Mnyalu pole sana ndugu yangu. Mimi niko huku Minnesota kwa hii kazi ya nyasi muda mrefu sasa, hiyo picha umechora naijua vizuri.

Kitu cha kwanza, mbegu wacha kwanza na mbolea wacha kwanza. Hujui ni gani imekufa na hujui ni nini iliua, na kila muuaji ana dawa yake. Chukua kile kifaa cha kukatia shimo la bendera, toa vipande viwili vitatu kwa kila grini yenye una wasiwasi nayo, kimoja pale pabaya, kimoja pale hujui, kimoja pale pazuri. Viandike namba, weka kwa trei, peleka ndani ya ofisi penye joto karibu na dirisha la jua, uwe unanyunyiza maji kidogo. Kwa wiki moja hadi mbili vitakuambia ukweli kabla kiwanja chenyewe hakijakuambia, kwa sababu huko nje udongo bado ni baridi na nyasi iliyo hai na iliyokufa zote zinafanana.

Kama huwezi ngoja hata hiyo wiki, ng'oa mche mmoja uoshe udongo uupasue na wembe pale chini, juu tu ya mizizi mahali majani yanatokea. Hapo ndipo uhai wa nyasi uko. Majani yote yanaweza kufa na hapo pakiwa salama nyasi inarudi. Ukikuta ni peupe na pagumu, iko hai. Ukikuta pamekuwa kahawia na majimaji, ukibonyeza panapondeka, hiyo imeenda. Fanya hivyo kwa michache sio mmoja.

Sasa angalia mahali imekufa ndio ujue ni nini iliua. Umesema 3 na 12 ni kwa bonde tu. Hiyo kwa kawaida sio barafu iliyokaa siku nyingi, ni maji ya mwezi wa pili na wa tatu. Poa inaamka mapema sana, siku mbili za joto tu inaanza kunywa maji, pale chini panajaa maji, halafu usiku inashuka ghafla mpaka chini ya sifuri kabisa na hayo maji yanaganda ndani ya mche wenyewe yanaupasua. Bentigrasi inakawia kuamka ndio maana inapona. Namba 15 juu ya kilima ni upepo, nyasi imekauka kwa sababu udongo umeganda haiwezi vuta maji na upepo unaendelea kuinyonya. Hiyo ikikuwa bado na uhai kidogo inataka maji SASA, hata kama mfumo wako wa maji haujafunguliwa, jaza tenki kwa gari upeleke.

Namba 7 na ile harufu, hiyo ni barafu yenyewe. Chini ya barafu nyasi na vijidudu vya udongo vinaendelea kupumua, oksijeni inaisha, kabonidayoksaidi na gesi zingine chafu zinajaa hazina pa kutokea. Huko kwenu Michigan State miaka ya 1960 alikuwa mtafiti James Beard, alifunika nyasi na barafu akawa anahesabu siku. Bentigrasi ilipita siku 120 bila shida kubwa, Poa ilikuwa inakufa kati ya siku 75 na 90. Sisi kazini tunaanza kukosa usingizi Poa ikifika siku 45 hivi chini ya barafu, kwa sababu haiji shida moja peke yake. Wewe ulikuwa na kama 60, na kivuli juu yake, na kabla ya hapo theluji ilishuka pengine udongo ukiwa bado laini. Vile viraka vya kijani ningeweka pesa yangu kwamba ni bentigrasi.

Piga picha zote sasa hivi kabla kitu hakijabadilika.

Dada_wa_Guelph (Ontario, Kanada)

Kaka Mnyalu habari za huko, mimi nipo jirani yako tu hapa ng'ambo ya maziwa. Aliyosema kaka wa Machakos yote nayaunga mkono, mimi niongezee kwenye ile miduara ya feawei maana magonjwa ndio eneo langu.

Huo ni ukungu wa theluji, na upo wa aina mbili, na tofauti yake ni ya muhimu kwako mwezi huu. Piga magoti kabisa uangalie kwa karibu, ikiwezekana na lenzi. Ukiona vipunje vidogo sana vya mviringo vimejishika kwenye majani yaliyokufa, rangi ya kahawia mpaka nyeusi, ukubwa wa kichwa cha pini au chini ya hapo, huo ni ukungu wa kijivu, Typhula. Huo unahitaji theluji ikae muda mrefu, kwa kawaida miezi miwili na zaidi, na theluji ikishaondoka na jua likapiga umekwisha kazi yake. Hauna haja ya dawa sasa, utakuwa unamwaga hela. Mara nyingi unaua majani tu, pale chini panabaki pazima.

Ukikosa vile vipunje, na kingo za duara zina rangi ya pinki hivi au chungwa iliyofifia hasa asubuhi kukiwa na unyevu, huo ni ukungu wa pinki, Microdochium nivale. Huu hauhitaji theluji hata kidogo, unapenda baridi ya juu kidogo ya sifuri mpaka nyuzi 8 za Selsiasi hivi na majimaji, kwa hiyo mvua za Aprili ni sikukuu yake. Huu unaweza kushuka mpaka chini ukaua mche mzima. Kwenye feawei ukiwa mdogo vumilia, lakini ukiukuta kwenye grini piga dawa ya kuvu bila kusubiri.

Kwa yote mawili kazi ya mkono ndio dawa ya kwanza. Zile nyasi zilizolala zikagandamana zinakaa na unyevu na zinazuia jua na hewa. Chukua reki nyepesi ya majani au brashi uziinue taratibu, SIO kukwangua, kuinua tu ili hewa ipite. Subiri ardhi ikauke kiasi cha kutembea bila kuacha nyayo. Watu wawili wakiwa na reki kwa siku nzima utashangaa feawei zitakavyobadilika ndani ya wiki. Ingia pia kwenye nyasi ndefu za pembeni uangalie vijia vya panya, vinaonekana kama mifereji midogo, hivyo navyo reki tu inatosha.

Na hii ya kupiga naitrojeni nyingi nakuomba kwa dhati usifanye. Udongo ukiwa wa baridi mizizi haina uwezo wa kula, na zile zilizopona zitalazimishwa kutoa majani kwa akiba ndogo iliyobaki, halafu ukungu wa pinki unapenda mno majani laini ya naitrojeni. Subiri uone nyasi zinakua zenyewe, yaani mashine ikipita kuna kitu kinakatwa, ndio uanze kidogokidogo, kilo 5 za naitrojeni kwa hekta na sio zaidi kwa mara moja, rudia kila wiki au siku kumi.

Ujue pia hauko peke yako na sio uzembe wa mtu. Sisi huku dhoruba ya barafu ya Desemba 2013 ilifunika Toronto yote siku chache kabla ya Krismasi, na baridi ile haikuachia mpaka Machi. Majira ya kuchipua 2014 viwanja vingi vya Ontario vyenye Poa, vya matajiri na vya wakulima, vilipoteza grini. Watu waliokuwa na elimu na mashine zote walipoteza vilevile. Ieleze kamati yako hivyo.

KediLimuru (Kiambu, Kenya)

Salamu kwa wote, nasoma hii nikiwa huku kwetu na nashangaa sana. Sisi huku tunalia na sakitu (umande ulioganda), Limuru inaunguza majani asubuhi na watu wanazuiwa kuingia hadi jua litoke, lakini siku mbili tatu nyasi imerudi. Kikuyu grasi haiulizi mtu ruhusa. Hiyo ndio nyasi yetu ya milimani, mpaka Los Angeles pale kiwanja cha gofu cha Riviera feawei zao ni za kikuyu grasi. Sasa nauliza wakubwa, si mngeleta tu nyasi ya kuvumilia zaidi? Na kwa nini msikate vipande vya nyasi hai kutoka kwingine mkabandika badala ya kungojea mbegu kwa baridi?

Wa_Machakos

KediLimuru karibu. Kikuyu huku ingekufa yote winta ya kwanza, hiyo ni nyasi ya joto, hiyo California inaiweza tu kwa sababu hakuna winta ya maana. Bentigrasi ndiyo yenyewe kwa baridi.

Lakini swali la vipande ni zuri sana na Mnyalu hebu tuambie, kiwanja chako kina kitalu? Viwanja vingi vina grini moja ndogo ya ziada nyuma ya stoo, inakatwa na kutunzwa sawa na zingine. Ikiwa iko na iko hai, hapo kwa bonde la 3 na 12 kata ubandike, hizo ni sehemu ndogo utamaliza na vijana kwa siku chache na mwezi Mei watu wanacheza. Kwa namba 7 nzima kitalu hakitatosha, na kununua nyasi ya shambani ya kiwango cha grini ni bei kali, tena ikija na udongo tofauti na mchanga wa chini yako maji yatagoma kupita kati ya tabaka moja na lingine na utapata shida ya miaka.

Kapteni_Mstaafu (Maryland)

Ndugu zangu mimi ni mchezaji sio fundi, naomba niongee kwa upande wa wanachama. Kiwanja kinaishi kwa ada na kwa watu kula pale klabu. Ukifunga grini sita mwezi mzima watu wanahamia kiwanja cha jirani na wengine hawarudi. Kwa nini asifungue tu, watu wacheze juu ya hizo mbovu, sisi tunavumilia mpira kurukaruka, huku mbegu inaota taratibu?

Dada_wa_Guelph

Mzee shikamoo, na hoja yako ni ya kweli kabisa, hela ndio inalipa mishahara yetu. Lakini mche wa bentigrasi ukichomoza ni uzi wa kijani unaokaribia kutoonekana, mizizi yake ni milimita chache. Kiatu kimoja kikigeuka pale mtu anapopiga, miche yote ya eneo lile imeondoka. Na grini inapokea nyayo nyingi kuliko sehemu yoyote ya kiwanja maana kila mchezaji lazima apite pale na asimame pale. Nimeona grini mbili za kiwanja kimoja, zimekufa sawa, zimepandwa siku moja, moja ikafungwa nyingine ikabaki wazi kwa sababu ilikuwa karibu na klabu na wakubwa waliipenda. Iliyofungwa ilikuwa inachezeka mapema Juni. Ile nyingine Agosti bado ilikuwa na viraka vya mchanga na Poa imejaa. Hapo aliyepata hasara ni nani mzee?

Kinachosaidia ni grini ya muda. Kaka Mnyalu tafuta sehemu tambarare ya feawei mbele ya namba 7, anza kuikata chini kidogokidogo kuanzia sasa, pitisha rola nyepesi, mwaga mchanga kidogo, kata shimo kubwa kuliko la kawaida ili watu wasiteseke. Wanachama wakiona umewaandalia kitu cha heshima hasira inapungua.

Kapteni_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye shimo kubwa na grini ya muda nimekuelewa, nikiambiwa mapema na sababu yake mimi nalipa ada bila shida. Waambie mapema tu, sio siku nimeshafika na mifuko yangu.

Mnyalu_GR

Wakuu nimerudi, asanteni sana sana. Vipande vimekaa dirishani na majibu yametoka. Namba 15 karibu yote imechipua, tuliipelekea maji kwa tenki na inaonekana ilikuwa bado hai. Namba 3 na 12 bonde limekufa kabisa, nimepasua kwa wembe ni kahawia na uteute, lakini nje ya bonde pazima. Na kitalu kipo! Kipo nyuma ya stoo na kina jua siku nzima, kimepona vizuri tu, nilikuwa nakipita kila siku. Namba 7 ni kama kaka alivyosema, Poa yote imekufa, viraka vya bentigrasi vinachipua, kwa makadirio robo ya grini ndio ipo hai. Feawei nimekuta vile vipunje vyeusi, kwa hiyo ni ule wa kijivu, tumeanza na reki.

Udongo wa namba 7 nimepima asubuhi saa tatu, kina cha inchi 2, Farenhaiti 43 (kama Selsiasi 6). Grini ya kitalu yenye jua 49. Sasa nieleweshwe kupanda: lini, kiasi gani, kwa mashine gani, na mfumo wa maji bado umefungwa toka oktoba walipoupuliza kwa kompresa kutoa maji yasigande ndani.

Wa_Machakos

Kazi nzuri sana hiyo umefanya, sasa tunaongea na vitu tunavijua.

Kwa 43 mbegu ya bentigrasi italala tu hapo. Inataka udongo ufike kama 50 (Selsiasi 10) na kuendelea, na ikifika 60 (Selsiasi 16 hivi) ndio inachangamka. Poa nayo inaota kwa baridi kuliko hiyo na udongo wako umejaa mbegu yake ya miaka yote, kwa hiyo ukikaa bila kufanya kitu Poa itakuja peke yake na winta ingine kali utarudi hapahapa. Mbinu ni kupasha udongo joto. Tafuta vile vifuniko vya kitambaa vinavyopitisha hewa na maji, funika namba 7 usiku na siku za baridi, utapata nyuzi kadhaa za ziada bila shida. Siku ya jua kali toa au angalia chini yake kila mara, joto likizidi na unyevu uko unapikia ukungu. Kuna watu wanamwaga mchanga mweusi mwembamba unaovuta jua, nao unasaidia, lakini sambaza kidogo tu, usifunike zile zilizo hai.

Kabla ya mbegu, zile Poa zilizokufa usizing'oe zote. Zinashika udongo na zinaweka unyevu. Kata chini, zoa uchafu, halafu toboa. Ukiwa na mashine ya kupanda kwa mistari pita pande mbili, zikikatana kwa mshazari, kina kidogo sana kama milimita 3 hadi 6. Kama huna, tumia ile mashine ya kutoboa ukiweka misumari midogo iliyosongamana, pita mara kadhaa mpaka grini yote iwe na vishimo, mwaga mbegu, pitisha brashi iingie ndani ya vishimo, funika na mchanga mwembamba, rola nyepesi juu. Mbegu lazima iguse udongo, ile inabaki juu ya nyasi iliyokufa ni chakula cha ndege.

Kiasi, gramu 5 hadi 7 kwa mita ya mraba. Utaona ni kidogo sana utataka kuongeza, usiongeze. Bentigrasi ina mbegu zaidi ya milioni 10 kwa kilo moja, ukizidisha miche inabanana inakonda na inashikwa na ugonjwa. Afadhali uweke hiyo sasa na urudie wiki mbili tatu baadaye pale hapakuota. Changanya mbegu na mchanga mkavu ndio isambae sawa.

Mbolea ya mwanzo yenye fosforasi weka siku ya kupanda. Najua Michigan kuna sheria ya fosforasi kwa nyasi toka 2012 lakini kupanda mbegu mpya kumeruhusiwa, ila andika kila kitu kwa daftari. Halafu kitu moja usisahau hata kidogo: hii miezi watu wanapiga dawa ya kuzuia magugu yasiote. Dawa hiyo haichagui, inazuia na mbegu yako. Iweke mbali na 3, 7 na 12 kabisa, na angalia kwa rekodi kama aliyeondoka alipiga kitu vuli iliyopita.

Maji: usifungue pampu kwa nguvu. Mabomba yamejaa hewa, maji yakikimbilia ndani kwa presha yanapiga kona na viungo vinapasuka, nimeona bomba kubwa limetoka ardhini. Fungua valvu kidogo kwa presha ya chini, maji yatembee polepole, futi 1 kwa sekunde usipite hapo, na uwe umefungua springla (vinyunyizio) za mbali na za juu kilimani hewa itokee huko. Mtu mmoja atembee laini nzima akitafuta palipolowa. Ukimaliza ndio upandishe presha. Anza hii leo maana mbegu ikishaingia maji hayangoji fundi.

Baada ya mbegu, maji kidogo mara nyingi. Siku ya jua na upepo inaweza kuwa mara nne au tano, dakika chache tu, juu pasikauke na pasiwe dimbwi. Mche wa namna hiyo ukikauka saa chache tu mchana umepoteza wiki.

Kukata, pandisha mashine. Kama mlikuwa mnakata milimita 3, weka 5 au 6, visu vikali sana, siku nyasi imekauka, mashine ya kusukuma kwa mkono sio ile nzito ya kukalia. Ukigeuka geukia nje ya grini. Na naitrojeni zile kilo 5 kwa hekta za dada kila wiki miche ikishasimama. Kwa hali hiyo na hewa ya Michigan usiahidi kamati chochote kabla ya mwanzo wa Juni kwa namba 7. Ukiwahi watakupongeza.

Mnyalu_GR

Nimechapisha hii nimebandika ukutani stoo. Nimeanza na mabomba leo, na vijana wawili wanakata vipande kutoka kitalu kwa ajili ya 3. Swali la mwisho, nikirudisha bentigrasi namba 7 itadumu? Maana ile misonobari ipo palepale na kamati inaipenda sana, kuna mzee kaniambia ilipandwa na waanzilishi.

Dada_wa_Guelph

Bentigrasi bila jua haidumu kaka, hata ukipanda kwa ufundi wa namna gani. Itakonda, Poa itaingia maana yenyewe inavumilia kivuli, na barafu ikija pale ndio itachelewa kuyeyuka kama mwaka huu. Jua la asubuhi ndilo linalohitajika zaidi na ndilo hilo namba 7 inalokosa. Sio lazima wakate yote. Simama katikati ya grini asubuhi ya jua, saa mbili, saa nne na saa sita, uweke alama kwenye kila mti unaotupa kivuli chake pale, utakuta miti michache tu ndio inafanya kazi kubwa ya kuziba. Fanya hivyo mwezi huu, na urudie Oktoba jua likiwa limeshuka, maana nyasi inaweka akiba yake ya winta vuli na kivuli cha wakati ule ndicho kirefu.

Usiwaombe kukata miti Agosti nyasi zikiwa zimependeza, hakuna atakayekusikiliza. Waite sasa, wakiwa wanaiona kahawia kwa macho yao. Wapeleke kwanza kitalu chenye jua kilichopona, bentigrasi ileile na winta ileile, halafu namba 7, uwape kipimajoto wapime udongo wenyewe sehemu zote mbili. Na kwenye bonde la 3 na 12, kabla hujabandika vipande, chimba mfereji mdogo wa kutolea maji mpaka nje ya grini, hata kama ni wa kukata kwa kisu cha barafu kila Februari maji yapate pa kukimbilia. Ukibandika kwanza utalazimika kuubandua tena.

Mnyalu_GR

Nimesimamisha kubandika namba 3 mpaka mfereji uchimbwe. Kamati inakuja Jumamosi, mwenyekiti amekubali kutembea nami kitalu na namba 7. Saa nne asubuhi nimewapangia, kivuli kikiwa bado kipo.